Uzee na Ugonjwa wa Fizi: Istilahi Zinazotupasa Kuzipambanua

Mtu akikaa barazani Bungu, katika Wilaya ya Kibiti, pale ambapo njia ya kwendea Nyamisati na visiwa vya delta ya Rufiji huachana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Kilwa, hatakosa kumsikia mtu mzima akisema juu ya mapengo yake: "Meno yamekwenda na uzee." Sentensi hii haina kosa lolote la sarufi, na aisemaye huisema kwa utulivu, pengine kwa mzaha. Hata hivyo ndani yake mna dai la kitaalamu, yaani kwamba uzee ndio uliochukua meno. Dai hilo ni kweli kwa sehemu ndogo tu, na madhara yake si ya lugha peke yake. Aliyekwisha kuamini kwamba jino lake lalegea kwa sababu ya uzee hana cha kufuata zahanati, kwa kuwa uzee hautibiki. Atangoja mpaka jino litoke lenyewe au liume hata lisivumilike, ndipo aende kung'olewa.

Makala haya yanakusudia kueleza istilahi chache zinazohusu ugonjwa wa fizi, kuzeeka kwa mwili, na tofauti za hali za maisha zinazowafanya watu wa umri mmoja wasifanane vinywani. Baadhi ya maneno tuliyonayo yatosha, yakitumiwa kwa uangalifu. Mengine yamechanganywa, na mengine hatuna budi kuyapendekeza.

Ufizi, ukoga na ugaga

Nyama inayozunguka shina la jino ni ufizi, na kwa wingi ni fizi. Neno hili halina utata. Utata huanza kwa vile vinavyogandama juu ya jino. Kiswahili kina maneno mawili ya zamani, ukoga na ugaga, na kamusi zetu mara nyingi huyaeleza yote mawili kuwa ni uchafu wa meno. Wauguzi wa meno nao wana vitu viwili vya kuvieleza: kwanza utando laini wa vijidudu unaojengeka upya kila siku, ambao mswaki huuondoa, na pili utando huo huo ukisha kuwa mgumu kama jiwe kwa madini yaliyomo katika mate, ambao mswaki hauuwezi tena na huhitaji chombo cha kukwangulia. Kwa kuwa vitu ni viwili na maneno ni mawili, yafaa kuyagawa: ukoga uwe utando laini, na ugaga uwe ule uliokwisha kuganda. Jambo hili halihitaji neno geni hata moja, na tunashangaa kwamba halijaenea zaidi.

Neno la tatu ndilo lenye matatizo, nalo ni kiseyeye. Kwa asili kiseyeye ni ugonjwa utokanao na upungufu wa vitamini C, ule uliowaua mabaharia wengi, ambao daktari Mskoti James Lind alionyesha mwaka 1747 kwamba huponywa kwa machungwa na malimau. Dalili yake mojawapo ni fizi kuvimba na kutoka damu. Kwa kufuata dalili hiyo moja, watu wengi siku hizi huita kila fizi inayotoka damu kiseyeye. Matokeo yake ni kwamba mtu wa Pwani, anayekula maembe na machungwa kila msimu, huambiwa anyonye ndimu, naye hunyonya ndimu kwa bidii, na ukoga wake wabaki pale pale ulipokuwa. Tunapendekeza kiseyeye kirudishwe katika maana yake ya awali, na damu ya fizi itajwe kwa jina lake.

Jina hilo ni lipi? Ugonjwa wenyewe una hatua mbili. Katika hatua ya kwanza ukoga huichokoza fizi, ikawa nyekundu, ikavimba, ikatoka damu inapoguswa na mswaki. Mwaka 1965, huko Aarhus nchini Denmark, mtaalamu Harald Löe na wenzake waliwaomba watu 12 wenye fizi nzima waache kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 hadi 21 wote walipata hali hiyo, na walipoanza kusafisha tena ilitoweka. Hatua ya kwanza, basi, hurudi nyuma. Hatua ya pili hairudi. Humo nyuzi zinazolifunga jino na mfupa unaolishikilia hulika kidogo kidogo, nafasi kati ya jino na ufizi huwa na kina, na mwishowe jino hutikisika.

Kwa hatua ya kwanza baadhi ya waandishi wametumia neno mchochota, na kusema mchochota wa fizi. Neno ni la Kiswahili safi, nasi tungependa kulikubali, ila lina kasoro moja kubwa. Kuchochota ni kuuma kama kwa kuchomwachomwa, na ugonjwa huu hauumi. Mtu aweza kukaa nao miaka ishirini bila kukosa usingizi hata usiku mmoja, na hiyo ndiyo hila yake. Istilahi inayomwahidi mgonjwa maumivu itamfanya asiyeumwa ajione mzima. Neno uvimbe nalo limekwisha kushikwa na vinundu na saratani. Kwa hiyo tunaona ni heri kutumia inflamesheni ya ufizi katika maandishi ya kitaalamu, ingawa neno ni la mkopo, na katika mazungumzo na wananchi kusema tu "fizi zinazotoka damu". Kwa hatua ya pili tunapendekeza ugonjwa wa mshikizo wa jino. Kushikiza ni kazi ya fundi cherehani anayeunganisha nguo kwa mishono ya muda, na kila mtu aelewa kwamba mshikizo ukifumuka kitambaa huachia. Nafasi yenye kina kati ya jino na ufizi yaweza kuitwa kifuko cha ufizi.

Je, miaka ndiyo inayoondoa meno?

Ikiwa uzee ndio sababu, basi watu wenye miaka mingi na ukoga mwingi wangekuwa vibogoyo wote. Swali hili lilichunguzwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na Thorkild Karring walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vinywa vya Watanzania wenye umri wa miaka 30 hadi 69. Waliowachunguza walikuwa na ukoga na ugaga mwingi. Pamoja na hayo, vibogoyo karibu hawakuwako kabisa, na vifuko vyenye kina kinachozidi milimita 3, na vivyo hivyo mshikizo uliopotea kwa zaidi ya milimita 6, vilionekana katika chini ya asilimia 10 ya pande za meno zilizopimwa. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba asilimia 75 ya mahali palipoharibika hivyo palikuwa katika vinywa vya asilimia 31 tu ya watu. Ugonjwa, kwa maneno mengine, haukuwagawia watu kwa usawa kadiri miaka ilivyokwenda. Uliwachagua.

Mwaka huo huo Löe alitoa habari za vibarua 480 wa mashamba ya chai nchini Sri Lanka, wanaume ambao hawakuwa na huduma ya meno wala mazoea ya kusafisha kinywa, waliofuatiliwa tangu mwaka 1970 hadi 1985. Asilimia 8 kati yao waliharibika upesi mno, asilimia 81 kwa mwendo wa kadiri, na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya inflamesheni ya ufizi. Kazi ni moja, ukoga ni ule ule, na miaka iliyopita ni sawa kwa wote.

Elimu ya kutaja magonjwa ilichukua muda kuyakubali mambo haya. Katika mpango wa majina uliotumika tangu 1989, madaktari walikuwa na ugonjwa wa mshikizo "wa watu wazima" na mwingine "uanzao mapema". Mwaka 1999 majina hayo yaliachwa, kwa sababu yalimfunga mgonjwa katika umri. Na katika mpango uliotolewa mwaka 2018 umri umebaki, lakini kazi yake imebadilika kabisa: umekuwa kipimo. Daktari huchukua asilimia ya mfupa uliopotea mahali palipoharibika zaidi, akaigawanya kwa miaka ya mgonjwa. Jibu likiwa chini ya 0.25, mwendo wa ugonjwa ni wa polepole na huitwa daraja A. Likiwa kati ya 0.25 na 1.0 ni daraja B, na likizidi 1.0 ni daraja C. Tuseme mzee wa miaka 70 amepoteza asilimia 15 ya mfupa. Jibu ni 0.21. Jirani yake wa miaka 40 aliyepoteza asilimia 50 hupata 1.25. Barazani atakayesikitikiwa ni yule wa kwanza, kwa mvi zake, na kumbe mwenye hatari ni wa pili. Mpango huo unamtaka daktari aulize pia juu ya sigara na kisukari, kwani kila kimoja chaweza kumpandisha mgonjwa daraja.

Umri wa kalenda na umri wa mwili

Hapa ndipo tunapohitaji kupambanua maneno. Uzee katika Kiswahili si hali ya mwili tu. Ni cheo. Kijana aliyepewa madaraka huitwa mzee ofisini kabla hajaota mvi, na bibi kizee wa kijijini hushauriwa kwa sababu ya uzee wake. Neno lenye heshima namna hii kulifanya jina la chanzo cha ugonjwa ni kulionea. Tena si sahihi, maana linachanganya mambo mawili. Moja ni hesabu ya miaka tangu kuzaliwa, ambayo twaweza kuiita umri wa kalenda. La pili ni kiasi ambacho viungo, damu na kinga za mtu zimekwisha kupungua nguvu, nalo twapendekeza liitwe umri wa mwili. Wengine huandika umri wa kibiolojia, au kibaiolojia, au kibayolojia. Kamusi ya TUKI ya mwaka 1990 ilichagua biolojia, lakini shule na magazeti hayakusikia. Umri wa mwili hauna ugomvi huo wa tahajia, na mkulima hulielewa mara moja, kwa kuwa amekwisha kuwaona watu wawili waliotahiriwa pamoja, mmoja akipanda mnazi na mwingine akishika mkongojo.

Kuzeeka kwa mwili, kwa kutumia kitenzi-jina, ni mwendo, na mwendo waweza kuwa wa haraka au wa polepole. Kunahusiana na fizi kwa kweli, wala hatutaki msomaji adhani tunakana. Uchunguzi wa Holm-Pedersen na wenzake wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba watu wazima wakiacha kusafisha meno, fizi zao huvimba upesi na vibaya kuliko za vijana. Kinga za mwili zilizozeeka hazilengi vizuri: huchelewa kumzuia adui, kisha hupigana kupita kiasi na kuharibu nyumba wanayoilinda. Tangu mwaka 2000 wataalamu wakiongozwa na Mwitaliano Claudio Franceschi wamekuwa wakieleza inflamesheni ndogo isiyokoma, inayofuka mwilini kadiri mtu anavyozeeka, kama kumbi la nazi lililowashwa lisiloshika moto wala kuzimika. Twaweza kuiita inflamesheni ya kuzeeka. Nayo mwaka 2013 Steve Horvath, huko Marekani, alitoa njia ya kukadiria umri kwa kusoma alama za kikemia zilizobandikwa juu ya vinasaba, na tangu hapo imewezekana kulinganisha umri wa mwili na umri wa kalenda kwa hesabu, si kwa kukisia kwa macho. Ikumbukwe pia kwamba fizi zenye ugonjwa humwaga inflamesheni katika damu, hata ikawa vigumu wakati mwingine kusema kipi kilitangulia.

Ngazi ya hali za maisha

Kwa nini, basi, mwili wa mmoja huzeeka kabla ya wa mwenzake? Urithi una sehemu yake. Sehemu nyingine ni ya maisha, na hapo istilahi za afya hukutana na istilahi za siasa.

Lugha yetu ilipata hazina kubwa ya maneno ya aina hii baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967: tabaka, unyonge, unyonyaji. Ni maneno yenye nguvu, lakini tabaka humfanya msikilizaji aone kambi mbili, ya wenye nacho na ya wasio nacho. Katika afya hali si hiyo. Mwaka huo huo wa 1967 ulianza London uchunguzi wa watumishi wanaume wa serikali, maarufu kwa jina la Whitehall, ambao Michael Marmot na wenzake waliueleza baadaye. Hakuna aliyekuwa fukara miongoni mwa watumishi wale, na bado kila cheo kilikuwa na vifo vingi kuliko cheo kilicho juu yake, kutoka chini hadi juu. Jambo hili twaliita ngazi ya kijamii ya afya. Ngazi ina vipago, na kila mtu amesimama juu ya kimoja.

Msomaji aweza kusema kwamba Bungu hakuna vipago, wote ni wakulima wa mihogo na korosho. Jibu limekwisha kupatikana katika eneo hilo hilo. Kata ya Bungu ilikuwa miongoni mwa kata zilizoingizwa katika utaratibu wa kufuatilia afya na idadi ya watu wa Rufiji, ulioanza mwaka 1998, wakati Kibiti ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Mwaka 2003 Joanna Armstrong Schellenberg na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto wa wilaya nne za vijijini, Rufiji ikiwa mojawapo. Walionyesha kwamba hata pale ambapo mgeni huona umaskini wa namna moja, watoto wa kaya fukara zaidi walipata matibabu yanayofaa kwa nadra kuliko wa kaya zenye nafuu kidogo. Huo ulikuwa uchunguzi wa homa za watoto, si wa fizi. Tunautaja kwa sababu unathibitisha kwamba ngazi ipo kijijini, na kwamba baiskeli, redio au bati ni kipago.

Sasa tumtazame mtu mwenye ugaga katika delta, tuseme Salale au Maparoni. Ili akwanguliwe ugaga hana budi apande boti kwa kufuata maji, ashuke Nyamisati, atafute usafiri hadi barabara kuu, kisha afike hospitali ya wilaya, na siku nzima ya uvuvi imepotea. Kwa jino lisilouma nani atafanya hivyo? Aliyeko Bungu yuko karibu na lami, ila naye huhesabu nauli. Kwa hiyo huduma ya meno ambayo watu wengi wa vijijini wanaijua ni moja tu, kung'oa. Ongeza ugoro unaobwiwa na sigara za rejareja, ongeza kisukari kisichojulikana kwa kuwa hakijapimwa, ongeza hofu ya mafuriko ya Rufiji na ya bei ya korosho. Mtafiti wa Kimarekani Arline Geronimus alipendekeza mwaka 1992 wazo kwamba taabu za namna hii zikirundikana huuzeesha mwili kabla ya wakati wake. Yeye alitumia neno litumikalo kwa mbao na mawe yaliyopigwa na jua na mvua. Sisi tunalo kuchakaa. Twapendekeza kuchakaa mapema kwa mwili, kwa sharti kwamba lisitumike kamwe kama sifa ya mtu, kwani kumwambia mtu amechakaa ni tusi.

Juu ya fizi hasa, uchunguzi wa Wael Sabbah na wenzake uliotolewa mwaka 2008, kwa takwimu za Marekani, ulikuta kwamba vipimo vya mzigo wa taabu mwilini, kama shinikizo la damu na mafuta ya damu, vinaeleza sehemu tu ya ngazi ya ugonjwa wa fizi. Sehemu iliyobaki yatupasa kuitafuta mahali pengine, katika mswaki, dawa ya meno, elimu, tumbaku na umbali wa hospitali. Tunalisema hili ili istilahi yetu mpya isije ikawa kisingizio kipya. Kama uzee ulivyotumika kumfunga mgonjwa mdomo, umri wa mwili nao waweza kutumiwa na mtumishi mvivu: mwili wako umezeeka, mama, nenda nyumbani.

Limebaki neno tofauti. Tofauti ya urefu kati ya watu wawili ni tofauti, na tofauti ya meno kati ya mtu wa lami na mtu wa kisiwani pia tumezoea kuiita tofauti. Margaret Whitehead wa Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1990, alifafanua kwamba zipo tofauti za afya zinazoepukika na zisizo za haki, nazo zastahili jina lake zenyewe. Wafasiri wetu wameandika ukosefu wa usawa, maneno matatu mazito ambayo hayana wingi. Neno pengo linafaa zaidi. Magazeti hulitumia kila siku kwa nafasi iliyopo kati ya matajiri na maskini, lina wingi, na mahali hapa lina faida ya pekee, kwa kuwa pengo la kinywani na pengo la kijamii huandikwa kwa herufi zile zile. Mapengo ya afya, kwa hiyo, na si tofauti za afya, kila inapokusudiwa hali ambayo ingeweza kuondolewa.

Katika mabango ya zahanati, ambayo wasomaji wetu wengi ndio huombwa kuyatafsiri, twashauri sentensi tatu zitoshe: fizi nzima haitoki damu, umri wowote, damu ya fizi si kiseyeye, ugaga huondolewa bila kung'oa jino. Iwapo mahali husika hapana chombo cha kukwangulia ugaga, sentensi ya tatu isiandikwe kabla chombo hakijafika.